Drai begi la lita 10: nimepanda nalo Kilimanjaro, kamera imerudi kavu

Aisee wapiga picha wenzangu, naandika hii kabla sijasahau, maana kabla ya kupanda nilitafuta sana mtu wa kunieleza kwa Kiswahili nikakosa. Nilipanda mwezi wa 8 kwa njia ya Machame, siku 7, nina kamera ya miralesi, zile zisizo na kioo cha kuakisi ndani, na lenzi mbili. Ninachokielezea hapa ni drai begi, lile begi la plastiki nzito unalokunja mdomo mara tatu nne halafu unabana, wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanawekea nguo za wageni zisilowe. Nilinunua Moshi mjini, elfu 40.

Nianze na hili, begi halizuii baridi. Ukiacha kamera humo usiku pale kambi ya Barafu, mita 4,600 na kitu, alfajiri unaikuta imepoa kama bati la nyumba. Na mi sasa hivi baridi yenyewe siiogopi sana, kitabu cha kamera yangu kinasema nyuzi 0 mpaka 40 lakini kule juu ilikuwa chini ya 0 na iliendelea kupiga, skrini tu ndo ilikuwa nzito kidogo. Kinachoua kamera ni unyevu pale unapoitoa kwenye baridi na kuiingiza kwenye joto.

Nilijifunza kambi ya Shira siku ya pili. Jioni nimetoka kupiga jua linazama, vidole havisikii kitu, nikaingia na kamera imening'inia shingoni kwenye hema la kulia chakula, watu kama kumi humo, supu inafuka, na ndani ya dakika moja lenzi yote nyeupe, nikafuta ikarudi, nikachungulia kwenye kioo cha kutazamia nako ndani kuna ukungu, moyo ulinishuka jamani. Ni kama soda ukiitoa kwenye friji hapo Kariakoo, chupa inatoka jasho, sasa jasho lile lile fikiria liko juu ya sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, na saketi. Lilichukua zaidi ya saa nzima kukauka na usiku ule sikulala vizuri.

Kuanzia hapo nikawa nafanya hivi: nikiwa bado nje kwenye baridi natoa memori kadi na betri, kamera naifunga kwenye kitenge, naiweka kwenye begi, naminya hewa yote itoke, nakunja mdomo, nabana, ndo naingia. Kadi unayo mfukoni kwa hiyo picha unaziangalia bila kufungua begi. Jasho linatokea juu ya plastiki badala ya juu ya kamera, na unaliona kabisa kwa macho. Unasubiri saa moja mpaka mbili, ukigusa begi halina ubaridi tena unafungua.

Kipimo kikubwa kilikuwa siku ya kushuka. Nilifunga begi Barafu baada ya kutoka kileleni, tukashuka mpaka kambi ya Mweka kama mita 3,100, huko msitu umeanza na hewa ni nzito yenye maji. Begi nje limelowa, matone yanateleza, ndani kitenge kikavu kabisa. Niliweka na silika jeli za kunyonya unyevu, zile punje za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba maji, zilikuwa bado chungwa. Vipakti vya kwenye boksi la viatu ni vidogo mno kwa kazi hii, msivitegemee.

Betri ni habari nyingine, hapo begi halikusaidii. Usiku wa kwenda kileleni nilikuwa nazo tatu, moja ikazima kabla hatujafika Stella Point, pale ukingoni mwa kreta kabla ya kilele, nikaiweka mfuko wa ndani kabisa karibu na kifua, na pale kileleni Uhuru, mita 5,895, nikairudisha ikaonyesha karibu nusu. Baridi inapunguza nguvu ya betri kwa muda, haiimalizi. Lala nazo ndani ya slipingi begi, na usizichaji zikiwa zimeganda, zinaharibika.

Kasoro zipo. Baridi ikikaza plastiki inakuwa ngumu kukunja, na kibana kwa glovu nene ni mateso, ilibidi muongozaji wetu anisaidie mara mbili. Halina sponji, ukiliangusha kwenye mawe bila kitenge umeumia. Ila lile koti la kamera lenye sponji nililokodi duka jingine, elfu 10 kwa siku, ziipu iligoma siku ya kwanza na hewa inapita kila upande, bora hili mara kumi.

Na Dar nalitumia vile vile. Ukitoka chumba cha hoteli chenye eisii kali kwenda ufukweni kupiga maharusi ukungu ni ule ule, kwa hiyo kamera naifunga ndani ya begi nikiwa bado chumbani, natoka nayo, ikipata joto la nje ndo nafungua. Sasa natafuta la lita 20 lenye mdomo mpana, kwenye hili lenzi ndefu ya 70-200 haiingii mpaka uivue hudi, kile kikinga mwanga cha mbele.