Seti ya Kwanza ya Muziki Nyumbani: Pesa Ianzie Kwenye Spika

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Hapa mezani nina amplifaya ndogo yenye chipu ya TPA3116, jozi ya spika za mtumba zenye wufa, yaani koni kubwa ya besi, ya inchi tano na nusu, na waya. Muziki utatoka kwenye simu. Seti kama hii inatosha kabisa sebule ya mita tatu kwa nne, mradi ujue cha kukagua kabla hujatoa hela.

Kwanza tuachane na wati za kwenye boksi. Sabufa imeandikwa wati 10,000 PMPO, yaani namba ya matangazo ya nguvu ya kufumba na kufumbua. Igeuze nyuma, usome kibandiko cha umeme. Mara nyingi utakuta 60W. Hicho ndicho inachovuta ukutani, na haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inachovuta. PMPO isikushughulishe.

Bajeti yako, zaidi ya nusu iende kwenye spika. Tazama nyuma: zikiwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme, alama Ω) 8 au 6, amplifaya ndogo itazimudu bila kuchemka. Angalia na desibeli (dB), yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati moja. Spika ya desibeli 89 ikipewa wati 20 inatoa sauti sawa na ya 86 iliyopewa wati 40, kwa hiyo desibeli tatu tu zinakuokolea gharama ya amplifaya kubwa.

Sasa sogea karibu na kamera. Nimetoa kitambaa cha mbele. Huu ukingo unaozunguka koni, kama ni wa sponji, uguse kwa ncha ya kidole. Ukiacha unga au ukimeguka, umeoza, na gharama ya fundi iingie kwenye bei. Wa raba hudumu zaidi. Kisha weka vidole kuzunguka kitovu, sukuma koni taratibu, usikilize. Ikikwaruza, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inagusa sumaku: irudishe. Ukiwa na mita ya kupimia umeme, spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi, na hiyo ni kawaida. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, mita haitakuonyesha, kwa sababu kapasita, kifaa kinachozuia umeme wa mita, imekaa mbele yake. Cheza wimbo wenye kayamba au matoazi, utege sikio karibu.

Kwenye amplifaya, ukweli umo kwenye adapta, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. Zidisha volti kwa volti, ugawe kwa omu mara mbili. Adapta ya volti 12 na spika za omu 8: 144 gawa kwa 16, unapata wati 9 kila upande, hata kama ganda limeandikwa 100. Ya volti 24 inakupa 36, na kwa sababu kuna zinazopotea njiani, hesabu 30. Tafuta ya volti 24, ampea 4 au 5. Usipite volti 26, chipu hii inaweza kuungua. Na sauti ikianza kupasuka, punguza hapo hapo. Amplifaya ndogo iliyolazimishwa huunguza twita kabla ya wufa.

Ukipenda amplifaya kubwa ya mtumba kutoka Japani, soma nyuma kabla ya kuichomeka. Ikiandikwa AC 100V, umeme wetu wa 230 au 240 utaiunguza papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha, na transfoma nzuri nayo ina bei yake. Mimi kwa seti ya kwanza nisingeichukua.

Waya: milimita 1.5 za mraba zinatosha mpaka mita tano. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni aluminiamu iliyopakwa. Inafanya kazi, ila chukua nene zaidi, na usiilipe bei ya shaba.

Unapofunga, hakikisha nyuzi za nyekundu na nyeusi hazigusani, kisha ziache spika sentimita 30 hivi kutoka ukutani, twita usawa wa masikio. Kama besi imekauka na mwimbaji hasikiki katikati, spika moja imefungwa kinyume. Zima amplifaya, geuza waya wa spika moja tu, cheza wimbo ule ule. Mfungo wenye besi zaidi ndio sahihi.