"Mwambie mzee anipigie": mimi na breki za umeme

Naandika nikiwa na hasira, nisameheni. Anayetaka kujua gari linakunywa lita ngapi atatafuta mwenyewe. Mimi nazungumzia breki tu, na zaidi nazungumzia maneno niliyoambiwa gereji.

Gari ni haibridi ya Kijapani, yaani lina injini ya mafuta na mota ya umeme, mtumba, lilishushwa bandarini Dar kama hayo mengine mnayopishana nayo kila siku. Chapa siitaji. Aliyeniuzia alisifia mafuta mpaka mate yakamkauka, ila la breki hakuligusia hata kwa bahati mbaya. Kwenye gari nililokuwa nalo kwanza, ukikanyaga, mguu unasukuma oili, busta inasaidia, oili inabana pedi, kwisha. Hili ukikanyaga unakandamiza springi. Kihisio kinapima umekanyaga kiasi gani, halafu kompyuta inagawa kazi: kiasi fulani inaipa mota, ambayo inapunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri kubwa, na kinachobaki inazipa pedi, kwa presha ambayo pampu ya umeme imeiweka akiba kwenye chombo kiitwacho akumuleta. Ule ugumu unaousikia mguuni ni wa kutengenezwa, ili mguu usishangae. Miezi yote hiyo nilidhani nashika breki, kumbe nilikuwa naomba.

Na nilikuwa napewa, siwezi kukataa. Gari la zamani lilitafuna pedi kwenye foleni ya Morogoro Road kama mtoto na karanga. Hili, fundi alipofungua tairi, akaniuliza kama pedi nimebadilisha juzi. Zilikuwa za tangu nilinunue. Alichonionya ni diski tu: kwa kuwa hazisuguliwi sana, na unyevu wetu wa pwani, zinashika kutu. Basi.

Halafu Kitonga. Tulikuwa tunarudi kutoka msibani Iringa, mbele yetu malori yanashuka kwa kunyata, harufu ya breki zinazoungua inaingia hadi ndani, na mimi naugusa pedali kwa ncha ya kiatu tu. Katikati ya mlima betri ikajaa, mota ikakosa pa kupeleka umeme, nikasikia gari linabadilika mguuni. Nikaweka gia ya B, ile ya kushukia mlima, injini ikashikilia. Shangazi yangu nyuma hakuamka. Siku ile ungeniuliza, ningezipa breki hizi nyota zote tano na soda juu.

Sasa sikilizeni siku nyingine. Ilikuwa baada ya mvua, asubuhi, natoka Kimara nashuka Ubungo. Dashibodi ikawaka kama harusi: taa nyekundu ya breki, ya ABS, ya kuteleza, zote kwa pamoja, na mlio usiokatika. Nakanyaga, pedali gumu kama jiwe. Gari linapungua mwendo shingo upande, utadhani linanifikiria. Nikatumia miguu miwili. Niliposimama, konda wa daladala ya mbele yangu alikuwa amegeuka, tunatazamana kwenye kioo chake cha nyuma, na uso wake hadi leo ninao.

Baadaye nilielewa kwamba hapo mfumo ulifanya ulichopangiwa. Presha ya umeme ikikosekana, valvu zinafungua njia na oili inasukumwa na mguu wako mtupu, bila msaada. Ndiyo maana niko hapa naandika. Lakini mtu hafikirii valvu akiwa mita mbili nyuma ya daladala.

Gari likavutwa hadi gereji moja ya vioo na kiyoyozi. Kijana akachomeka mashine, akasoma, hakunitazama. "Mama, pampu na akumuleta. Vinakuja pamoja. Milioni tatu na laki nane. Mwambie mzee nyumbani anipigie, nitamwelewesha."

Mzee yupi? Kadi ya gari ina jina langu. Hela ni ya vitenge na vikoba, miaka. Mume wangu hata leseni hana, na wala hanisumbui. Nikamwambia, nieleweshe mimi. Akajibu, "Ni mambo ya kompyuta, mama, marefu," akaenda kunywa chai.

Chai! Nililipa bili ya kupima, nikavuta gari langu nyumbani, nikakesha nasoma kwa hasira. Kumbe na wakubwa yaliwakuta. Mercedes-Benz waliweka breki za namna hii kwenye E-Class ya 2002. Mwaka 2004 wakayaita magari yapatayo 680,000 yakaguliwe, mwaka uliofuata yapatayo milioni 1.3, safari hii si kwa breki peke yake, na ilipofika 2006 E-Class ikarudishiwa breki za kawaida. Nikasema, kama Mjerumani amenyoosha mikono, mimi wa Kimara ni nani?

Nikamwita fundi wetu wa mtaani, mtu mzima. Kabla hajagusa tairi alisema, "Mwanangu, mlango usiufungue mkono wangu ukiwa humu." Gari hizi ukifungua mlango wa dereva pampu inaamka, na ikiamka pedi zikiwa nje, pistoni inaweza kumbana vidole. Ona, huyo ameelewesha kwa sentensi moja! Akapima betri ndogo ya volti 12, akakuta imechoka, tukaweka mpya. Taa zote zikazima. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Milioni tatu na laki nane, na ugonjwa ulikuwa betri! Usiku huohuo nikaandika sifa za gari na matusi ya gereji, sikutuma kwa sababu bando liliisha.

Bora liliisha. Wiki mbili hivi baadaye nikaanza kusikia ngrrr chini ya boneti. Inanyamaza, sekunde chache, ngrrr tena, na mguu sijaugusa pedali. Fundi akaegemea, akasikiliza kimya muda mrefu. Presha haikai, akasema. Pampu inajaza, inavuja humo ndani, inajaza tena, na ikichoka taa zitarudi. Yule kijana hakukosea.

Neno hilo nimelimeza kama kwinini. Na yeye fundi wangu hawezi kunisaidia, kwa sababu kutoa upepo kwenye breki hizi kunataka kompyuta iamrishe valvu; akitoa kwa njia yake ya zamani, hewa inabaki ndani na ninarudi kumtazama konda.

Kwa hiyo nyota ngapi? Sijui. Nikikumbuka Kitonga, tano. Nikikumbuka Ubungo, toeni zote. Anayetaka kununua, gari likiwa limezimwa afungue mlango wa dereva asikilize: ngrrr moja ni salamu, ngrrr kila mara ni laki nane na milioni tatu zake.

Jumatatu nalirudisha kwa yule kijana, sina pengine. Nilimwomba fundi anisindikize, halafu nikaghairi. Akitokea, atapewa kiti na kueleweshwa yeye, eti ndiye mzee.