Tahadhari: jeli ya meno isiyo na maandishi imeniunguza fizi, na muuzaji bado anauza

Ndugu zangu, kama kuna mtu amekutumia picha za meno ya njano yaliyogeuka meupe kama karatasi na anakuomba utume pesa akutumie mzigo, soma hili kwanza. Mimi nilituma. Wiki mbili baadaye bado nakunywa maji kwa upande mmoja wa mdomo.

Mzigo wenyewe ulikuja umefungwa vizuri. Ndani kulikuwa na trei laini ya plastiki ya kuuma, kitaa kidogo cha mwanga wa bluu, na bomba la sindano lisilo na sindano, limejaa jeli nyeupe inayopitisha mwanga. Juu ya bomba kuna kibandiko kimoja chenye jina la biashara na picha ya mdomo unaotabasamu, basi. Baadaye nilikibandua kwa kucha, nikidhani labda maandishi ya kiwandani yamefunikwa. Chini yake nilikuta plastiki tupu na gundi. Hakuna orodha ya viambato, hakuna asilimia, hakuna tarehe ya mwisho wa matumizi, wala jina la aliyeitengeneza.

Kabla ya kulipa nilimuuliza, "Kaka, hii ina nini ndani?" Akajibu papo hapo, "Dada yangu, ni ya asili kabisa, haina kemikali." Nikaridhika. Ningejua wakati ule ninachokijua leo, jibu hilo peke yake lingetosha kunifanya nifunge simu, na nitaeleza kwa nini.

Maelekezo yalikuja kwa ujumbe wa sauti: jaza trei, uma dakika 30, washa taa, na ukitaka matokeo ya haraka lala nayo. Nikajaza trei, nikauma. Trei ilikuwa pana kuliko meno yangu, kwa hiyo jeli ilifurika na kutambaa juu ya fizi. Kama dakika ya kumi fizi zikaanza kuwaka. Nikamwandikia. Akasema, "Vumilia dada, ukiona inauma ujue inafanya kazi." Nikavumilia hadi dakika ya 30, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kila nikikumbuka.

Nilipotema na kujitazama kwenye kioo, ukingo wa fizi juu ya meno manne ya mbele ulikuwa umekwajuka na kuwa mweupe, umekunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini saa nzima. Usiku ule maji ya kawaida, hata yasiyo baridi, yalinitia ganzi meno yote ya juu. Nikivuta hewa kwa mdomo, maumivu yanachoma mara moja ndani ya jino na kupotea, kisha yanarudi kwenye jino lingine. Siku ya tatu ngozi ya fizi ikaanza kubambuka vipande vipande, na mate yakawa na damu.

Nilikwenda kwa daktari wa meno. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Jeli ilikuwa na peroksaidi asilimia ngapi?" Peroksaidi ndiyo kemikali ya kung'arishia meno. Sikuwa na jibu. Nikamwandikia muuzaji mbele ya daktari, kwa adabu, wala sikudai pesa yangu, nilitaka tu kujua nimeweka nini mdomoni. Akasoma ujumbe. Baada ya muda picha yake ikapotea kwenye simu yangu. Alikuwa amenizuia.

Sasa nieleze alichonifundisha yule daktari, maana hapa ndipo utapeli unapojificha.

Jino lina tabaka gumu la nje liitwalo enameli, na chini yake kuna dentini. Enameli inapitisha mwanga kiasi, dentini ina unjano wake wa asili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya rangi unayoiona kwenye jino inatoka ndani, na unjano peke yake si uchafu. Watu wengi wenye meno ya njano kidogo wana meno mazima kabisa.

Kuna madoa ya nje, yale ya chai, kahawa na tumbaku, yanayoshika kwenye ukoga juu ya jino. Hata dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ikitumiwa muda mrefu inaacha madoa ya kahawia, na dawa za maji za kuongeza madini ya chuma vilevile. Haya daktari anayaondoa kwa kusafisha, bila kubadili rangi ya jino lenyewe. Mara nyingi mtu akisafishwa tu, hamu ya kung'arisha inaisha.

Kubadili rangi ya ndani ni kazi nyingine. Hapo inatumika peroksaidi ya haidrojeni, au peroksaidi ya kabamaidi, ambayo ikikutana na unyevu inavunjika na kutoa ile ya haidrojeni pamoja na urea. Peroksaidi ni molekuli ndogo sana. Inapenya enameli, inafika kwenye dentini, na oksijeni inayotoka inavunja molekuli kubwa za rangi kuwa ndogo zisizoonyesha rangi. Haisugui wala haikwangui chochote. Na kwa kuwa inapenya, ndani ya dakika chache inafika hadi kwenye kiini cha jino, kwenye neva. Ganzi inatoka hapo. Hata kwa daktari mzuri, wengi wanaipata kwa siku kadhaa, kisha inaondoka. Ila ganzi si kipimo cha dawa kufanya kazi. Kuna wanaong'aa vizuri bila kuumia hata kidogo.

Sasa rudi kwenye lile jibu la "haina kemikali". Kama kweli haina peroksaidi au kitu kingine cha kuvunja rangi, basi haiwezi kubadili rangi ya ndani ya jino, na pesa yako imeliwa. Kama inabadili, basi kemikali imo na mtu amekudanganya. Kwa vyovyote vile, aliyesema hivyo hajui anachouza, au anajua na anakuficha.

Asilimia ndiyo kila kitu. Njia ya kung'arisha nyumbani kwa trei ilitangazwa kitaalamu mwaka 1989 na madaktari wawili wa Marekani, Haywood na Heymann, wakitumia peroksaidi ya kabamaidi ya asilimia 10. Nguvu hiyo ni sawa na kama asilimia 3.5 tu ya peroksaidi ya haidrojeni. Mgonjwa alilala nayo usiku, kwenye trei iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno yake mwenyewe, kwa muda wa wiki kadhaa, chini ya uangalizi. Kliniki za baadhi ya nchi nazo zinatumia jeli kali, za asilimia 25 hadi 40, lakini kabla ya kuipaka daktari anafunika fizi kwa utando maalumu unaogandishwa kwa mwanga, anazuia midomo isiguse, na hatoki pale ulipo. Mimi sijui niliuma ya asilimia ngapi kwa dakika 30 bila kinga yoyote. Daktari aliziangalia fizi akasema kwa namna zilivyoungua, haikuwa ya kulala nayo mtu.

Nchi za Umoja wa Ulaya hazifanyi mchezo na jambo hili. Sheria yao ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika mwishoni mwa Oktoba 2012, inaruhusu bidhaa zenye peroksaidi ya haidrojeni hadi asilimia 0.1 kuuzwa kwa yeyote. Kuanzia hapo hadi asilimia 6 zinauzwa kwa madaktari wa meno tu, matumizi ya kwanza yafanyike kwa daktari au chini ya usimamizi wake, na asiwe mtu wa chini ya miaka 18. Zaidi ya asilimia 6 haziruhusiwi kama vipodozi. Nimezitaja namba hizi ili ujue ukubwa wa kitu unachotumiwa kwenye bahasha na mtu ambaye hajawahi kuangalia mdomoni mwako.

Na kuangalia mdomoni si utaratibu wa kukupotezea muda. Mimi nina jino moja la mbele lililogongwa nikiwa mdogo, limekuwa kijivu tangu hapo. Nililinunulia jeli ile hasa. Halikubadilika hata kidogo, na sasa kwa kuwa jirani zake wameng'aa kiasi, linaonekana kuliko zamani. Daktari aliniambia jino lililokufa linang'arishwa kutokea ndani, baada ya kutibiwa mzizi. Jeli ya kupaka nje hailiwezi. Jino jirani lina kizibo cha rangi ya meno, nacho kimebaki na rangi yake ya zamani, sasa kinaonekana kama kiraka. Vizibo, kofia za meno na magamba ya kubandika having'ai kwa peroksaidi yoyote. Kama ningeulizwa swali moja tu na muuzaji, "Una jino lililozibwa au lililogongwa?", nisingenunua. Hakuuliza.

Meno yaliyopata njano ya umri ndiyo yanayoitikia vizuri. Ya kijivu yenye mistari, yaliyotokana na tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, mtu alipopewa utotoni wakati meno yanaumbika, yanaweza kuchukua miezi. Madoa meupe ya floraidi yanaweza hata kuonekana zaidi mwanzoni. Na jino lenye tundu ambalo hujalijua, jeli ikiingia humo, utalia.

Niseme na kuhusu zile picha za kabla na baada, kwa sababu ndizo zilizoninasa.

Jino likikauka linaonekana jeupe zaidi. Jaribu mwenyewe: simama mbele ya kioo, futa meno mawili ya mbele kwa kitambaa safi, kaa mdomo wazi dakika chache bila kuyalamba. Utaona tofauti na yale yaliyolowa mate. Baada ya kung'arisha, meno yamekaa muda bila mate, na peroksaidi yenyewe inayakausha. Picha ikipigwa dakika ileile, inaonyesha weupe ambao sehemu yake itarudi nyuma ndani ya siku chache jino likinywa maji tena. Muuzaji mwaminifu angepiga picha baada ya wiki mbili, kwenye mwanga uleule, na kipimo cha rangi kikiwa pembeni ya jino. Madaktari wana kile kibao chenye meno 16 ya mfano, A1 hadi D4, wanalinganisha kabla na baada. Na kile kitaa cha bluu? Vitaa vidogo vya kwenye boksi havina nguvu ya maana, na hata taa kubwa za kliniki, faida yake juu ya jeli peke yake ni ndogo au haipo. Ila kinawaka, na mtu anaona kama tiba.

Muuzaji huyohuyo anauza pia unga wa mkaa. Huo haung'arishi, unasugua. Madoa ya nje yataondoka, na enameli nayo inaliwa kidogokidogo. Enameli haina chembe hai, ikiondoka haikui tena, na chini yake ni ile dentini ya njano. Kwa hiyo unasugua kuelekea kwenye rangi unayoikimbia. Ndimu ni mbaya zaidi, ni asidi kali, nayo enameli huanza kuyeyuka pH mdomoni (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Dawa ya meno ya zambarau inafunika unjano kwa rangi yake kwa saa chache na kusukutuliwa. Haina madhara makubwa, lakini usiite hiyo kung'arisha.

Kama umeshanunua ile jeli na umeungua: ondoa trei, sukutua kwa maji mengi ya kawaida, usisugue kwa mswaki mgumu siku hiyo, na usirudie hata kama ulishalipia bomba la pili. Weupe kwenye fizi ukiwa mdogo huondoka wenyewe. Ukibambuka, ukitoa damu, au jino likiuma lenyewe bila kuguswa na chochote, nenda kwa daktari na ubebe bomba hilohilo. Mimi nimepewa dawa ya meno yenye nitrati ya potasiamu na floraidi ya kutuliza ganzi, na nimekatazwa kung'arisha kwa namna yoyote hadi fizi zipone na lile jino la kijivu lipigwe picha ya eksirei. Wajawazito na wanaonyonyesha wanashauriwa wasubiri.

Na kwa yeyote anayeuza hizi bidhaa kwa nia njema, kwa sababu najua wapo: andika asilimia kwenye chupa yako. Ukiulizwa, jibu kwa namba. Kama aliyekuuzia kwa jumla hakukupa namba, wewe pia umeuziwa kitu usichokijua.

Huyu wangu ameshabadili jina la ukurasa mara moja tangu anizuie, rafiki yangu amemuona. Jina sitaliweka hapa kwa sababu kesho litakuwa lingine. Mtambueni kwa picha zake, hizo habadilishi: mdomo mmoja, mstari mdogo wa ufa upande wa kushoto wa mdomo wa chini. Picha ya kabla imepigwa kwenye mwanga wa njano, meno yamelowa mate. Picha ya baada iko kwenye mwanga mweupe, midomo imekauka, na ule ufa umepasuka zaidi.