Daktari wa ajali za shule Ujerumani: nyota nne, ya tano nimeizuia

Simu ya shule iliita saa tano na dakika arobaini asubuhi, nabadilisha shuka za bibi mmoja kwenye kituo cha wazee ninapofanya kazi. Katibu wa shule aliongea haraka, nikadaka maneno matatu tu: jina la mwanangu, mkono, na Durchgangsarzt. Mawili ya kwanza yalitosha kuniangusha shuka. La tatu ndilo ninaloliandikia hapa, maana tuna mwaka na miezi miwili Ujerumani na sikuwahi kulisikia, na Waswahili wenzangu niliowauliza baadaye wengi nao hawalijui.

Iko hivi. Mtoto akiumia shuleni, chekechea, au njiani kwenda na kurudi, hapa wanamhesabu kama fundi aliyeanguka kazini. Sheria hiyo ipo tangu 1971. Bima ya afya ya kawaida inakaa pembeni, anayelipa ni mfuko wa bima ya ajali, na mtoto anatakiwa aonwe na daktari mwenye kibali cha kutibu ajali za aina hiyo, kwa kawaida wa upasuaji au wa mifupa. Huyo ndiye Durchgangsarzt. Wenyewe wanafupisha, D-Arzt. Durch ni kupitia, basi nyumbani kwetu tunamwita daktari wa njia panda, kwa sababu yeye ndiye anayeamua baada yake mgonjwa aende wapi.

Shuleni nilimkuta kijana wangu wa miaka saba amekaa kwenye kiti cha katibu, mkono umening'inizwa kwa kitambaa, mfuko wa barafu juu yake. Halii. Hicho ndicho kilichonitisha, maana huyu hulia akinyimwa biskuti. Alikuwa anabembea kwenye vyuma vya uwanjani akateleza. Katibu akaita teksi, akampa dereva karatasi, akaniambia nisitoe hela. Mimi kichwani nina PF3. Aliyekulia Tanga anaelewa: ajali ikitokea unafikiria kwanza polisi wakuandikie fomu, ndipo hospitali. Nikawa namng'ang'ania yule mama, fomu yangu iko wapi? Akanijibu taratibu kwamba fomu ni kazi yake, ataijaza na kuipeleka kwenye mfuko ndani ya siku tatu, niende tu. Nikapanda teksi najihisi kama mtu aliyekula hotelini akaondoka bila kulipa.

Mapokezi ya hospitali (jina nalihifadhi) hawakuuliza anaumwa wapi. Waliuliza imetokea wapi. Nikasema shuleni, saa ngapi, shule gani. Kadi ya bima nilikuwa nimeishika mkononi tangu kwenye teksi, hakuna aliyeitaka. Kwa hiyo nawaomba, jibu la swali hilo lisiwapotee kwa kihoro. Miezi miwili baadaye binti yangu mdogo alibanwa kidole na mlango wa nyumbani, nikaenda palepale, na safari hiyo kadi ndiyo iliyoulizwa kwanza. Ajali ya nyumbani ni ya bima ya afya.

Tulisubiri saa tatu na dakika kumi. Mashine ya kahawa ilimeza euro mbili zangu ikanyamaza. Dawa ya maumivu mtoto alipewa mapema, ya maji, na hilo nawashukuru. Lakini muuguzi wa zamu alikuwa na tabia moja: nisipomwelewa, anarudia sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo langu ni masikio.

Na hapo ndipo tulipokwama. Akauliza, "Hat er gebrochen?" Mimi neno hilo nalijua! Ni kuvunjika. Mume wangu alinifundisha siku kiti chetu kilipokatika mguu. Nikaitikia kwa nguvu, "Ja, ja!" huku nauonyesha mkono. Uso wake ukabadilika. Akaita mwenzake, mtoto akamulikwa tochi machoni, akaulizwa leo siku gani, nikasikia wanataja kitanda na usiku. Mkono ndio uliovunjika, wao wamekazana na kichwa. Nikaanza kutetemeka, nadhani kuna jambo wameliona na hawataki kuniambia.

Mwanangu ndiye aliyenivuta nguo. "Mama, hawaulizi mkono. Wanauliza kama nimetapika."

Kumbe kitenzi ni kimoja. Kikitanguliwa na ist, kitu kimevunjika. Kikitanguliwa na hat, mtu anaweza kuwa ametapika, na mtoto aliyeanguka kisha akatapika wanamhofia mtikisiko wa ubongo. Nimesoma Kijerumani mpaka B1, kiwango cha kati, na hakuna aliyeniambia. Wakacheka, nami nikacheka, ila ndani sikufurahi: mgonjwa wa miaka saba, mkono umevimba kama muhogo, ndiye mkalimani wa mama yake. Niliuliza kama kuna mkalimani hata wa simu. Hakuna. Nyota ya tano imeishia hapo.

Daktari mwenyewe, sina neno. Alipoiona picha ya eksirei hakunipigia kelele, alichukua kalamu akachora tawi la mti. Tawi kavu linakatika pande mbili. Tawi bichi linapinda, upande mmoja unapasuka na mwingine unashikilia. Akagusa upande unaoshikilia, akagusa mkono wa mwanangu juu kidogo ya kifundo. Wanaliita Grünholz, mti mbichi, na mifupa ya watoto huvunjika hivyo kwa sababu bado ni laini. Nilielewa kila kitu, na hakuongea hata sentensi tano. Karatasi ile ninayo.

Hogo la plasta walilomfunga siku ya kwanza lilikuwa la upande mmoja, juu yake bendeji, ili uvimbe upate nafasi. Kesho yake tukarudi wamtazame vidole: vina joto, vina rangi, anavichezesha? Usidharau kurudi huko eti kwa sababu mtoto amelala vizuri. Tuliambiwa vidole vikipoa, vikifa ganzi au vikibadilika rangi tusingoje asubuhi. Uvimbe uliposhuka akafungwa lile gumu la mzunguko, akachagua la kijani. Jumla wiki nne.

Bibi yake alipiga simu kutoka Muheza. "Mmemchua?" Nikamwambia hapana mama, amefungwa. "Na mafuta ya nazi nayo hamkumpaka?" Hakulala vizuri siku ile, na kwa kweli nilipata shida kumweleza kwamba hakuna aliyetudai hata senti. Alidhani namficha deni.

Mnaofanya kazi, jambo moja dogo: mwajiri atataka cheti cha mtoto mgonjwa, na kwenye cheti kuna kisanduku cha ajali. Hakikisheni kimetiwa alama kabla hamjatoka mlangoni. Changu kilisahaulika, nikapanda treni mara mbili kukirekebisha, maana fedha za siku nilizokaa na mtoto zilitakiwa zitoke mfuko wa ajali.

Kwa hiyo: utaratibu nyota tano, daktari tano, kungoja tatu, lugha moja, na hiyo moja ni ya mchoro. Mkiuliza kama ningempeleka tena palepale, ndiyo, ila safari hii nimeandika kwenye simu sentensi tatu za Kijerumani: ameanguka kutoka kimo gani, hajapoteza fahamu, hajatapika.

Wiki ya tatu ikaja barua ya mfuko, kurasa mbili. Nilijua tu, nikamwambia mume wangu deni ndilo hili. Halikuwa deni. Walitaka tueleze mtoto alikuwa anafanya nini ajali ilipotokea, wakaacha nafasi ya mistari minane. Mume wangu akavaa miwani, akataka aanze kuanzia vile vyuma vya uwanjani na viatu alivyovaa. Nikamnyang'anya kalamu, nikaandika: alikuwa anacheza. Mpaka leo hawajaandika tena.