Utrasaundi ya bega mjini: kipimo kizuri, lakini wekeni pazia

Mimi ni mkulima wa mwani, Jambiani, Unguja. Nilianza kufunga mbegu nikiwa msichana, miaka ile ya mwanzo baada ya kilimo hiki kuingia kwetu mwaka 1989, na magunia yote yamepita bega la kulia. Ramadhani iliyopita likaanza kuuma. Kwanza silali ubavu ule. Kisha nikawa siwezi kufunga sidiria, na nikitaka kuanika mwani juu ya chanja mkono unafika usawa wa kifua, unagoma.

Kila mtu alisema baridi yabisi. Nikachuliwa kwa mafuta ya karafuu mpaka ngozi ikawaka. Hospitali ya mwanzo nikapigwa piksha, yaani eksirei, nikaambiwa mifupa mizima, nikapewa vidonge vya maumivu. Hakuna aliyenambia kuwa piksha inaonyesha mfupa, kiungo kilicholika, hata chokaa iliyoganda, lakini kano iliyochanika haionyeshi. Hilo linaniuma mpaka leo, maana nilibeba magunia miezi miwili zaidi nikiamini sina kitu.

Daktari wa pili alinigusa. Aliinua mkono wangu, akauzungusha, akanambia nisukume huku yeye anazuia, ndipo akaandika utrasaundi. Nilishangaa, mimi kile nakijua ni kipimo cha wajawazito.

Kituo nilichopelekwa sikitaji jina, kwa kuwa nina lawama nao. Nilichagua siku za maji mafu ili nisipoteze kazi ya pwani, nikapanda daladala ya 309 alfajiri. Nilipangiwa saa 2 asubuhi, nikaingia saa 6 mchana. Chumba cha kuvulia nguo hakina pazia, na mlango unafunguliwa kila saa. Kwa mwanamke mtu mzima aliyevaa buibui, hili si dogo.

Lakini kipimo chenyewe, masha Allah. Daktari wa picha ni binti mdogo, akaniamkia kwanza, kisha akanambia, "Mama, peleka mkono nyuma kama unafunga kanga." Uliuma, akangoja. Akapaka mafuta yale ya baridi, akapitisha kifaa taratibu juu ya bega, na muda wote ananiuliza: hapa? na hapa? Aliniinulisha mkono ubavuni huku anatazama kano inavyopita chini ya mfupa. Piksha ya mwanzo niliambiwa nitulie tuli. Huyu alitaka bega lisogee, na lilipouma ndipo alipotazama zaidi.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akapima na bega la kushoto, lililo zima, akanigeuzia kioo. La kushoto nyuzi zimelala pamoja, zimebana. La kulia pana doa jeusi, nyuzi zimekatika upande mmoja. Nikamwambia, mwanangu, hii ni kamba ya mwani iliyolika kwenye kigingi, bado haijakatika yote. Akasema ndivyo hasa. Kano zinazoshika kichwa cha mfupa wa mkono ni nne, na hii ya juu ndiyo inayochanika mara nyingi.

Nikamuuliza kama nitafute pesa za MRI, kile kipimo cha mashine ya sumaku. Akasema kwa sasa hapana. Utrasaundi haipenyi mfupa, kwa hiyo MRI ingehitajika kama wangetaka kuona ndani ya kiungo, au kama ingekuwa safari ya upasuaji. Angeweza kunipeleka nikalipe, hakufanya hivyo. Akanambia pia kuwa wapo watu wazima wenye kano zilizochanika na hawaumwi, ndiyo maana picha lazima isomwe na daktari aliyekushika bega.

Ripoti haikuwa tayari siku ile. Nikarudi mjini mara ya pili, nauli nyingine, nikapewa karatasi ya Kiingereza kitupu na mtu wa dirishani asiyejua kuisoma. Yale aliyonieleza binti kwa dakika kumi yangeandikwa mistari mitatu ya Kiswahili, nami ningeyasoma nyumbani na wanangu.

Sasa nafanya mazoezi ya bega kila asubuhi na gunia anabeba mwanangu wa kiume. Mkono umeshafika usawa wa sikio.

Mkienda, vaeni blauzi ya mikono mipana inayopanda mpaka begani, chukueni piksha ya zamani, na kanga ya ziada ya kujisitiri mpaka hao watakapotundika pazia.