Madirisha ya Alumini au uPVC? Tazama Reli ya Chini Kwanza

Masika haya, usiku wa mvua ya upepo, godoro la mwanangu lililowa chapachapa na dirisha limefungwa. Ni alumini ya kuslaidi, nimeiweka hapa Kigamboni miaka miwili tu iliyopita. Maji yalijaa kwenye reli ya chini, yakakosa pa kutokea, yakamwagikia ndani. Fundi hakutoboa tundu hata moja.

Tangu siku hiyo, nyumba yoyote nikiingia macho yanakwenda kwenye reli. Dirisha la kuslaidi halikosi kuingiza maji kidogo, ndivyo lilivyo. Matundu ya upande wa nje ndiyo yanayoyarudisha. Yasipokuwepo, au yakizibwa na silikoni au plasta, hata uwe umelipa mamilioni utalowa. Kabla hujamalizia malipo, mwaga kikombe cha maji kwenye reli fundi akiwa amesimama hapo. Yakituama, usimpe hela. Kagua na kona: za alumini huungwa kwa skrubu, na isiyozibwa vizuri hunywesha ukuta taratibu. Rangi inavimba chini ya dirisha, wewe unamwita fundi bomba.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni uPVC, yaani plastiki ngumu. Kona zake huyeyushwa kwa moto zikashikana zikawa kitu kimoja, na chumvi ya bahari haiziwezi. Mimi ni shabiki wa VEKA, kampuni ya Ujerumani, nasema wazi: kuta za nje za profaili zake (vipande vya fremu) za daraja A ni milimita 2.8 au zaidi. Uliza kundi S la EN 12608, kiwango cha Ulaya cha profaili za uPVC, lililowekwa kwa ajili ya jua kali, na hakikisha ndani ya profaili kuna chuma, la sivyo dirisha kubwa litapinda.

Namba mbili ni alumini nene ya kufungua kwa bawaba, maana ikifungwa hubana raba. Skrubu ziwe za stenlesi. Alumini nyembamba ya bei rahisi weka stoo.

Wauzaji ndio wanaoniuma. Unauliza unene kwa milimita, unajibiwa, "Hiyo nzito, mama." Bei unatajiwa ya dirisha zima, halafu siku ya kufunga, wavu wa mbu unahesabiwa pembeni. Aliyenifungia nilipompigia, alisema mvua ya mwaka huu imezidi. Fundi mwingine alikuja na drili, akatoboa matundu mawili kila dirisha, na kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza nyumba nzima.