Bangkok hadi Vientiane kwa basi, boti na treni: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana najua wengi mnasoma huku mnapiga hesabu ya nauli. Ziara hii inastahili pesa yake. Kuna kijiji kimoja ningekifuta kabisa kwenye ratiba, na kuna mambo ya maandalizi ambayo wakala hakutueleza ipasavyo. Nitayafikia.

Ni ziara ya kikundi kidogo, ya urithi na utamaduni zaidi kuliko fukwe. Inaanzia Bangkok, inapanda kaskazini kwa basi dogo kupitia Ayutthaya, Sukhothai, Lampang na Chiang Mai hadi Chiang Rai. Kutoka hapo mnavuka Mto Mekong kuingia Laos, mnateremka na mto kwa boti hadi Luang Prabang, kisha treni inawafikisha Vientiane. Upande wa Thailand mnaongozwa na Mthai, na mkishavuka mpaka anawapokea Mlao. Nilipoona hilo kwenye tangazo nilidhani ni suala la vibali tu. Kumbe ndicho kilichoibeba safari nzima.

Siku ya kwanza tulikwenda Wat Phra Kaew, hekalu lililo ndani ya eneo la Kasri Kuu la Bangkok, kumwona Budha wa Zumaridi. Sanamu ni ndogo, sentimita 66 hivi, imechongwa kwenye jiwe la kijani na kuwekwa juu sana hata unalazimika kuinua shingo. Hubadilishiwa mavazi ya dhahabu mara tatu kwa mwaka kufuata misimu, na kazi hiyo ni ya mfalme mwenyewe. Mwongozaji wetu alitueleza kwamba hiyo ndiyo roho ya ufalme. Akaongeza kwamba njia tutakayopita kwa kiasi kikubwa ndiyo njia iliyopita sanamu hiyo, ila sisi tutaifuata kwa vipande na si kwa mpangilio ule ule. Basi tangu hapo kila mji ukawa na jambo la kutafuta.

Ayutthaya kwanza. Mji huu ulianzishwa mwaka 1350, ukawa makao makuu ya Siam, jina la zamani la Thailand, kwa zaidi ya miaka 400, na mwaka 1767 jeshi la Burma, Myanmar ya leo, likauteketeza. Leo unatembea katikati ya minara ya matofali na safu za sanamu zisizo na vichwa. Pale Wat Mahathat kuna kichwa cha Budha kilichokumbatiwa na mizizi ya mti; ukitaka kupiga picha unachuchumaa, kichwa chako kisiwe juu ya chake, na mlinzi yupo kuhakikisha. Mwongozaji alisimulia uvamizi ule kwa uchungu kana kwamba moto umezimwa juzi. Kumbukeni uchungu huo, nitaurudia.

Sukhothai ni pazuri kwa baiskeli asubuhi na mapema, zaidi ya hapo sina la kuongeza. Lampang tulipita kwa sababu ya ile sanamu. Iligunduliwa Chiang Rai mwaka 1434, radi ilipopiga mnara wa hekalu, ikiwa imefunikwa plasta. Plasta ilipobanduka ndipo kijani kikaonekana. Mfalme wa huko kaskazini akataka ipelekwe Chiang Mai, lakini inasimuliwa kwamba tembo aliyeibeba alikata njia akaenda Lampang, kila alipoelekezwa kwingine. Mfalme akasalimu amri. Ilikaa Lampang mpaka 1468, ndipo ikahamia Chiang Mai.

Chiang Mai nina la kusema kuhusu chakula. Mimi ni Muislamu wa Tanga, na swali la kwanza nililoulizwa nyumbani lilikuwa nitakula nini. Karibu na Msikiti wa Ban Haw, ulioanzishwa na Waislamu wa asili ya Yunnan, China, kuna wauzaji wa khao soi halali: tambi kwenye mchuzi wa tui la nazi na bizari, juu yake tambi zilizokaangwa mpaka zikakauka, pembeni achari na ndimu. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa kuipenda. Ila haimo kwenye ratiba, lazima uombe, na mwongozaji akiombwa anakupeleka kwa moyo mkunjufu.

Sasa kijiji. Karibu na Chiang Rai ratiba ilikuwa na "kutembelea makabila ya milimani". Tulichokuta ni kijiji cha kulipia kiingilio, wanawake wa Kikayan waliovaa koili za shaba shingoni wamekaa mbele ya meza za skafu, na watalii wanapita wakipiga picha mmoja baada ya mwingine. Wengi wa watu hawa asili yao ni wakimbizi waliotoka Myanmar. Hakuna aliyetueleza maisha yao, hakuna aliyekaa nao kuzungumza. Nilirudi kwenye basi nikiwa nimeudhika, na kwenye fomu ya maoni niliandika hivyo hivyo: urithi wa watu hautazamwi kama bidhaa kwenye kabati la kioo. Kampuni ikitaka kukibakiza, iwape wenyeji nafasi ya kusimulia na iseme wazi kiingilio kinaishia kwa nani.

Mpakani ni Chiang Khong kwa Huay Xai, juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2013. Thailand wanaendesha kushoto kama sisi, Laos kulia, kwa hiyo magari yanabadilishana upande papo hapo. Kaunta zilikwenda haraka.

Boti ni siku mbili, mnalala Pakbeng. Ni ndefu na nyembamba, ya mbao, na viti vyake ni vya magari ya zamani vilivyopangwa sakafuni bila kufungwa, ukisukuma kinasogea. Watu wa kikundi walilalamika kwamba ni mwendo wa kobe. Mimi nisingebadilisha. Mto una rangi ya chai ya maziwa, miamba inajitokeza katikati, na nahodha anakata kona kwa kuyasoma maji kwa macho. Boti inasimama vijijini kushusha magunia ya mchele na kupandisha watu. Chakula cha mchana ni wali wa kunata kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko: unamega, unafinyanga kwa ncha za vidole, unachovya kwenye kachumbari ya pilipili iliyochomwa na kutwangwa. Kabla ya mapango ya Pak Ou, yaliyojaa maelfu ya sanamu za Budha zilizoachwa na waumini, tulipita penye ujenzi wa bwawa kubwa la umeme. Kelele za mitambo zilitufuata muda mrefu. UNESCO imeshaonyesha wasiwasi juu ya bwawa hilo kwa ajili ya Luang Prabang, na ukiwa kwenye boti unaelewa kwa nini.

Luang Prabang upo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1995. Alfajiri watawa wa Kibudha hupita barabarani kupokea sadaka ya wali. Mwongozaji wetu Mlao alitusimamisha ng'ambo ya barabara, kamera bila mwanga, midomo imefungwa. Watalii wengine walikuwa wanawasogelea watawa na simu usoni. Alitazama, akanyamaza, nasi tukamwonea haya. Kwake nilijifunza zaidi kuliko kwenye makumbusho yoyote. Pale Wat Xieng Thong, hekalu lililojengwa na Mfalme Setthathirath karibu mwaka 1560, alituketisha mbele ya ukuta wenye mti uliotengenezwa kwa vipande vya vioo akatuambia: mfalme huyu ndiye aliyemtoa Budha wa Zumaridi Chiang Mai, alikokuwa ametawala, akamleta huku, kisha akamhamishia Vientiane.

Kwa hiyo tulipofika Vientiane tulikuwa tunajua tunakwenda kuona nini. Hekalu la Haw Phra Kaew lilijengwa kwa ajili ya sanamu hiyo, nayo sanamu ikakaa mjini kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1779 jeshi la Siam liliuteka mji na kuichukua. Mwaka 1828 lilirudi na kuuteketeza mji; Wat Si Saket, jirani yake, ni miongoni mwa majengo machache yaliyosalimika. Haw Phra Kaew ya leo ilijengwa upya zama za Wafaransa na ni makumbusho. Mlao wetu alisimulia kwa uchungu ule ule niliousikia Ayutthaya, safari hii aliyechoma moto akiwa ni Siam. Hakuna kitabu cha mwongozo ambacho kingenipa hilo, na ndiyo sababu nasema msikubali kampuni inayotumia mwongozaji mmoja kwa nchi zote mbili.

Ombeni pia muda kwenye kituo cha COPE, wanakotengeneza viungo bandia. Kati ya 1964 na 1973 Marekani iliiangushia Laos zaidi ya tani milioni 2 za mabomu, na mengi hayakulipuka. Yapo ardhini mpaka leo, wakulima na watoto wanayakanyaga. Sisi tulipewa nusu saa. Haitoshi hata kidogo.

Maandalizi: cheti cha homa ya manjano Thailand wanakidai kwa wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda na baadhi ya majirani zetu, tena wanakiangalia uwanjani kabla ya uhamiaji. Wanawake, bebeni kanga. Mahekaluni mabega na magoti yafunikwe, na mwanamke asimguse mtawa wala kumkabidhi kitu mkononi. Kwenye treni ya Luang Prabang hadi Vientiane, ya mwendo wa saa mbili hivi, mizigo hukaguliwa na visu na makopo ya kupulizia huchukuliwa. Laos halali ni kazi kuipata nje ya Vientiane, kwa hiyo tegemea samaki, mayai na mboga. Nendeni kati ya Novemba na Februari. Machi na Aprili moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika kaskazini ya nchi zote mbili, na siku mbili za boti mtazimaliza mkikohoa.